Nimelinganisha sekondari tatu za serikali mtaani kwetu, wastani wa matokeo hautoshi

Binti yangu anaingia sekondari na kuna shule tatu za serikali ambazo anaweza kwenda na kurudi kila siku, kwahiyo nimezizungukia zote kabla ya kuamua. Majina sitaji, nitaziita ya kilimani, ya barabarani na ya bondeni.

Ukimuuliza mtu yeyote mtaani anakwambia mpeleke ya kilimani, wastani wao uko juu. Ni kweli uko juu. Ila ile shule inachagua, haingii pale mtoto ambaye hakuwa vizuri tangu msingi, sasa mtoto aliyekuwa anaongoza darasani akija kufaulu mtihani wa mwisho utajuaje hapo shule imefanya kazi gani na mtoto alikuja nayo ngapi mwenyewe? Uingereza walishaliona hili, ndo maana tangu 2016 sekondari zao zikaanza kupimwa kwa kitu kinaitwa Progress 8, yaani wanaangalia mtoto alimaliza msingi na kiwango gani, wanamlinganisha na wenzake nchi nzima walioanzia palepale alafu ndo wanaona shule imemsogeza au imemrudisha nyuma kwenye masomo manane. Kipimo chenyewe kina lawama zake lakini wazo ni sahihi kabisa.

Kama huna kipimo cha hivo kuna swali moja la kuuliza ofisini: walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi na waliofika kwenye mtihani wa mwisho ni wangapi? Ya kilimani mwalimu wa taaluma alinijibu bila shida kwamba wengine "hushauriwa kuhama" wakionekana hawatafaulu. Jamani. Hao watoto hawamo kwenye ule wastani tunaousifia, na kila mmoja ana mama yake. Hilo liliniuma na sijaacha kulifikiria.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni madaftari. Niliomba watoto wa majirani wanaosoma kidato kimoja kwenye shule hizo tatu wanionyeshe daftari la kemia, sikuangalia mwandiko, niliangalia tarehe na peni nyekundu. La bondeni lilikuwa na somo mwanzoni mwa mwezi alafu linalofuata ni mwishoni mwa mwezi, katikati hakuna kitu, nikamuuliza mtoto akasema mwalimu hakuwepo wakawa wanakaa tu. La kilimani limejaa kurasa na kurasa za kunakili ubaoni, vyema kibao, hakuna swali hata moja ambalo mtoto kajibu kwa maneno yake. La barabarani lilikuwa chafu kidogo lakini kila baada ya vipindi viwili vitatu kuna zoezi, kuna kosa limezungushiwa duara, chini yake mwalimu kaandika "rudia hatua ya pili", na mtoto karudia kweli. Pale ndo nikaanza kuelewa nafanya nini.

Maabara nazo ingia mwenyewe, usiridhike na kuonyeshwa mlango. Bondeni vifaa vipo, vizuri tu, ila maboksi bado yana gundi ya kiwandani na mabomba ya sinki yana vumbi. Barabarani vifaa vichache, glasi za kupimia zina madoa na meza zimeungua ungua, na hayo madoa mimi niliyafurahia sana maana yanaonyesha watoto wanagusa vitu.

Kuhusu msongamano, ukiambiwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 30 usidhani darasa lina watoto 30. Hapo wamechukua wanafunzi wote wakagawa kwa walimu wote, akiwemo mkuu wa shule ambaye hafundishi sana na walimu wa somo ambalo wamejazana, kwahiyo unaweza kukuta mkondo mmoja una watoto 60 na fizikia ina mwalimu mmoja. Kahesabu madawati. Vyoo pia angalia, hasa vya wasichana, kama vina maji na milango inafungwa, sitaeleza zaidi ila mwenye binti ananielewa.

Umbali watu wanaupuuza. Ya kilimani ingemlazimu aamke usiku wa manane karibu kila siku, wakati wataalamu wa usingizi wa Marekani walisema 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala masaa 8 mpaka 10 kwa siku. Mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza hata umpe mwalimu bora duniani hatapata kitu.

Nimechagua ya barabarani. Wastani wao ni wa kati na shangazi zake bado wananishangaa, ila walioanza karibu wote ndo wanaomaliza, na walimu wanasahihisha. Haijakamilika, fizikia bado iko kwa mtu mmoja, na maktaba inafungwa masomo yakiisha tu wakati ndo muda watoto wangeihitaji. Hilo la maktaba wazazi kadhaa tumeshakubaliana kulipeleka kwenye kikao, tunaomba iachwe wazi jioni hata kwa muda wa lisaa limoja tu na tuko tayari kupokezana zamu ya kukaa na watoto.