Valvu ya chuma baada ya miaka 14: uzoefu wangu

Nilipasuliwa moyo India mwaka 2011, nikiwa na miaka 23. Mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa ipasavyo yalinipa homa ya rumatiki, nayo ikaila valvu ya mitrali, mmoja wa milango ya moyo inayopitisha damu upande mmoja tu. Daktari alinieleza njia mbili: valvu ya mnyama, ambayo kwa kijana huchakaa mapema ukarudi kisuni, au ya chuma, inayodumu ila utameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote. Nikachukua ya chuma (tumezoea kuiita hivyo, ingawa vile vijilango vyake viwili ni vya kaboni).

Valvu yenyewe sina neno nayo. Zamani nililala nimeegemea mito mitatu, na ngazi za ghorofa moja zilinimaliza pumzi. Sasa natoka kituo cha daladala hadi sokoni na kapu langu kwa miguu. Umeme ukikatika usiku na feni ikanyamaza, nausikia mlio wake: ti, ti, ti. Mwanzoni ulininyima usingizi. Siku hizi nausikiliza makusudi, maana ukififia ghafla huenda damu imeganda pale na ni kukimbilia hospitali.

Kazi kubwa ni warfarini. INR yangu, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5; ikishuka naogopa kiharusi, ikipanda naogopa kuvuja damu. Mwanzoni niliambiwa niache mboga za majani kabisa, maana hupunguza nguvu ya dawa. Nani ataishi bila mchicha na kisamvu? Niliacha, nikarudia, vipimo vikayumba. Muuguzi mmoja wa kliniki, Mungu ambariki, akaniambia: kula, ila kiasi kilekile kila wiki, dozi tutaipanga kufuatana na chakula chako. Hapo ndipo nilipotulia.

Mwaka 2017 tumbo lilinisumbua, zahanati moja wakanipa metronidazoli, ambayo huzidisha nguvu ya warfarini, bila kuniuliza natumia dawa gani. Siku ya tano fizi zilitoka damu na mapaja yalikuwa na mavilio kama nimepigwa. INR ilikuwa imepita 8. Nililazwa. Tangu hapo kadi ya warfarini haitoki kwenye mkoba, na maumivu natuliza kwa parasetamoli tu, diklofenaki siigusi, maana huongeza hatari ya kuvuja damu.

Linaloniuma mpaka leo ni ujauzito. Hakuna aliyeniambia, msichana wa miaka 23, kwamba warfarini humdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili tuliipanga na daktari wa moyo na wa wajawazito pamoja: nikahamishiwa sindano za heparini, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, vipimo kila mara, hofu kila usiku. Binti yangu sasa ana miaka sita.

Dada unayetakiwa kuchagua leo, uliza hilo la ujauzito kabla hujasaini fomu. Kisha uliza kituo kilicho karibu na kwenu kinapima INR siku gani.