Kitabu kitamu kuliko vyote nilivyosoma kuhusu sauti, na steshenari iliyokikata mkia

Kitabu nakipa nyota tano. Walionichapia siwapi hata nusu.

Ni kazi ya Hermann von Helmholtz, Mjerumani, ya mwaka 1863. Alexander Ellis aliitafsiri kwa Kiingereza kwa jina "On the Sensations of Tone", na toleo lake la 1885 unalishusha bure mtandaoni. Nilitegemea usingizi. Wapi! Bwana huyu alikuwa anapachika sikioni mtungi mdogo wa kioo wenye tundu, anaziba pembeni kwa nta, mradi tu aikamate sauti moja iliyojificha ndani ya nyingine. Nilikesha nacho.

Simu inaumiza macho, nikaenda steshenari moja maeneo ya Makoroboi, hapa Mwanza, nikalipia kitabu kizima, kuchapa na kubaindi. Nafika nyumbani Kirumba, nafungua nyuma: Kiambatisho cha 20 hakipo. Kurasa zaidi ya mia moja alizoongeza Ellis mwenyewe, zote hakuna! Niliporudi, kijana wa pale hata hakuondoa macho kwenye kompyuta. "Kaka, spairo iligoma. Na hizo za nyuma si viambatisho tu? Nani anasoma?"

Nasoma mimi! Ndizo zilizonifanya nitoe hela! Humo ndimo Ellis anamofundisha kupima umbali kati ya sauti na sauti kwa senti (si za hela): oktavu nzima, yaani do hadi do ya juu yake, senti 1,200; kila hatua ya kinanda, ukihesabu na vitufe vyeusi, senti 100. Ule mshale wa programu ya kutunia gitaa kwenye simu yako unahesabu senti hizohizo. Kisha anaweka ngazi za sauti za Waarabu, Wahindi na Wajava, zimepimwa, na wala hazikai kwenye hatua za kinanda. Na mtu mwenyewe sikio lake la muziki lilikuwa zito, rafiki yake Hipkins ndiye aliyekuwa akimsikilizia.

Kwenye kwaya yetu kuna mzee wa Ukerewe anayepiga nanga, ile ala ya nyuzi. Kila mazoezi anaambiwa haiko kwenye tuni, aiweke kando. Roho inaniuma sana. Ellis anaonyesha kwamba mi ya asili iko senti 386 juu ya do, ila kinanda kinaipiga 400. Sasa nani hayuko kwenye tuni? Tuliipima nanga ya mzee kwa simu. Akalegeza nyuzi zote, akazikaza upya kwa sikio, tukapima tena. Zilirudi palepale, na pale si pa kinanda. Huyo mzee ana ngazi yake, anaijua.

Nyota tano nilisema? Kiingereza chake ni kigumu na hesabu zinachosha, ningepunguza moja. Hapana, ziacheni zote tano, kitabu hakijanikosea kitu.

Steshenari wakakubali kuchapa zilizobaki, baada ya kelele. Wakanipa karatasi zilizofifia, wino umeisha, majedwali ya tarakimu tupu na 386 inasomeka 336! Kwenye kitabu cha vipimo! Sijui, labda mashine ilikuwa mbovu siku hiyo, lakini ile "nani anasoma" haikutoka kwenye mashine. Ukichapisha popote, hesabu kurasa za nyuma kabla hujatoa hela.

Mwalimu wa kwaya ameshaziazima hizohizo zilizofifia. Mimi natafuta wa kunichapia upya.