Shada la Majilio la elfu arobaini: nampa nyota tatu na nusu

Hii ni rivyu ya ile seti ya mishumaa ya Majilio, zile wiki nne za kungoja krismasi, pete ya majani ya plastiki na mishumaa minne, mitatu zambarau mmoja pinki. Nilinunua duka moja la vitu vya ibada upande wa Rubaga, kilima cha Wakatoliki hapa Kampala, jina nitaliacha, shilingi elfu arobaini za Uganda na mama muuzaji hapunguzi hata mia.

Tuanze na ubaya. Mishumaa mifupi mno banange. Yani ule wa kwanza unawaka wiki zote, wa pili unaanza wiki inayofuata, wa mwisho unawaka siku chache tu, sasa wametengeneza yote urefu sawa na mifupi, ukiiwasha kila jioni mpaka watu wamalize kula basi wa kwanza umekwisha hata pinki haujaguswa. Sisi tukawa tunawasha wakati wa sala tu, ndo ukafika. Alafu hiyo zambarau ni ya juu juu, ndani nta nyeupe, ikidondoka kwa kitambaa cha meza haitoki hata ufue na nini. Na majani ya plastiki karibu na moto, nani aliwaza hivyo? Niliyang'oa yote nikaweka matawi mabichi ya ile miti ya krismasi wanayouza barabarani, na chini sinia. Nyumba ilinukia vizuri.

Karatasi ya sala iliyokuja nayo ni Kiingereza na Luganda, herufi za kuumiza macho, sie tukasoma Biblia yetu ya Kiswahili na mambo yakaenda.

Sasa nyota tatu na nusu za nini. Mi nimekulia kota za polisi Nsambya, Majilio kwetu ilikuwa padri kavaa zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, sisi watoto tunawaza nguo mpya. Ukubwani ndo ikaharibika kabisa, Desemba ikawa bajeti, nauli za basi zinapanda kadri sikukuu inavyokaribia, kijijini wanasubiri sukari na sabuni, ada ya Februari inakuchungulia, na maduka ya mjini yanapiga nyimbo za krismasi tangu Novemba, ikifika tarehe 25 umeshaichoka.

Hii kitu inakunyima hiyo haraka. Jumapili ya kwanza, 30 Novemba 2025, mmoja tu unawaka, na kila mtoto anataka kuwasha yote. Kumbe ndo ilikoanzia, Hamburg mwaka 1839, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini, wakawa wanamsumbua krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Wakatoliki tumekuja kuichukua baadaye, kwa hiyo ndugu Waanglikana wa Namirembe msiseme ni mambo ya Rubaga.

Ila kilichonishika hasa ni kukaa na masomo mezani badala ya kuyasikia kanisani huku nawaza nyama. Mtoto Yesu hayumo kabisa mwanzoni! Jumapili ya kwanza ni Mathayo 24, siku za Nuhu, watu wanakula wanaoa, gharika hiyo, kesheni. Ya pili Yohana Mbatizaji anafoka jangwani. Alafu ya tatu, ya mshumaa wa pinki, ile Jumapili ya furaha, injili ya mwaka huo ni Yohana huyo huyo yuko gerezani, anatuma watu wakamuulize Yesu kama ni yeye kweli au wamngoje mwingine. Siku ya furaha, soma hiyo tena. Nikiwa mdogo ningeipita tu. Sasa nina miaka ya kungoja vitu ambavyo havikuja, na mtu aliyembatiza Yesu mwenyewe anauliza swali langu, na Yesu hamgombezi, anamjibu vipofu wanaona, viwete wanatembea, kamwambieni. Tulibishana mezani mpaka chai ikapoa, na shemeji yangu, ambaye kanisani huenda kwa harusi tu, ndo aliongea kuliko wote.

Kwa hiyo nunueni? Pete nunua, ya chuma chini ni imara, itakaa miaka. Mishumaa yake muachie mama muuzaji. Pita Kikuubo, kwenye maduka ya jumla mjini, uchukue mirefu minene, hata nyeupe, ufunge utepe wa zambarau chini, na mmoja pinki. Majilio ya 2026 inaanza 29 Novemba, nenda mapema, wiki ya mwisho pinki huwa huioni popote.