Apu ya kupigia hesabu rangi za makinda ya finchi: naipa nyota nne

Kama unafuga finchi (ndege wadogo wa vizimbani) na umeshaanza kuchanganya rangi, tafuta apu ya aina hii uwe nayo kwenye simu. Ninayoitumia mimi haitaki intaneti ukishaipakua, yani unasimama nayo palepale mbele ya vizimba unaamua nani akae na nani. Nyota nne. Moja nimeikata na nitasema kwa nini huko chini, manake ni mambo yanayogharimu mayai.

Unachagua ndege, zebra finchi au Gouldian, unaweka rangi ya dume na ya jike, na kama wanabeba rangi nyingine ndani wasiyoionyesha (ndo hao tunaowaita spliti), halafu inakupa orodha ya makinda wanaoweza kutoka na asilimia zao, madume kivyao na majike kivyao. Hapo kwenye kutenganisha jinsia ndo nilipoangalia kwanza kabisa, kwa sababu kikokotoo kisichotenganisha ni bure tu. Kwa ndege, dume ndo ana kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, ZZ, jike ana ZW, na rangi kadhaa za zebra finchi zimekaa kwenye hiyo Z. Chukua foni, ile rangi ambayo weusi wa manyoya unageuka kahawia. Jike ana Z moja tu kwa hiyo hawezi kuwa spliti wa foni, ama ni foni ama siyo, na apu imefunga kabisa hicho kisanduku kwa upande wa jike. Nimefurahi sana kuona hivyo, kuna watu bado wanauza majike kwa jina la spliti foni!

Weka dume foni na jike kijivu wa kawaida, inakwambia majike wote watatoka foni, madume wote kijivu spliti foni. Sahihi kabisa, na kwa mfugaji hii ni mali, makinda wote wanatoka kiotani na mdomo mweusi na yale mashavu ya machungwa ya dume yanakuja baadaye sana, lakini kwa pea hii unajua nani jike mara manyoya yanapofunguka. Geuza sasa, dume kijivu asiyebeba kitu na jike foni, wote kijivu, madume ndo spliti. Sahihi tena.

Nikaibana zaidi. CFW (chestnut flanked white) na laitibaki (lightback), rangi mbili za zebra finchi, ziko sehemu moja kwenye Z, ni matoleo mawili ya jeni ileile, na laitibaki inaitawala CFW. Maana yake dume anaweza kuwa na moja ya kila aina na kwa macho utamwona laitibaki, ila jike mwenye zote mbili hayupo duniani. Vikokotoo vingine huwa vinazichukua kama jeni mbili tofauti vinakuletea jike "CFW laitibaki", na ukiona hivyo kifute tu. Hii imepita. Dume laitibaki anayebeba CFW ilimgawia majike nusu laitibaki nusu CFW, ndo inavyotakiwa.

Kwa Gouldian pia iko vizuri. Kichwa chekundu kinatawala cheusi na kiko kwenye Z (2018 na 2019 watafiti walionyesha ni eneo lililo karibu na jeni ya folistatini), kwa hiyo dume kichwa cheusi kwa jike kichwa chekundu unapata madume wote wekundu, majike wote weusi. Njano ndo inawachanganya wengi, yenyewe ni jeni nyingine haiko kwenye Z, inataka itoke kwa baba na mama, na haionekani kichwani mpaka ndege awe na jeni ya nyekundu. Mweusi mwenye njano mbili anabaki mweusi, utamjua kwa ncha ya mdomo yenye njano. Apu inamwandika vizuri huyo, wamenikosha hapo.

Sasa hiyo nyota moja.

Nimeweka ndege wa kishungi (manyoya ya kusimama kichwani) kwa mwenzake wa kishungi ikanipa 25% "kishungi dabo" kama vile ni makinda wa kawaida, bila onyo lolote. Wafugaji wa kanari na wa finchi wanakwepa pea hiyo miaka yote kwa sababu anayerithi kishungi pande zote mbili anategemewa kufia kwenye yai. Unaweka kishungi na asiye na kishungi, unapata nusu kwa nusu, hakuna yai unalolipoteza bure. Mtu mgeni akiiamini ile skrini atakaa anashangaa mayai yanakufa na kulaumu kiota. Andikeni onyo jekundu jamani!

Lingine ni hizo asilimia zenyewe. Asilimia inahusu kila yai peke yake, ila kwa pea ya spliti wawili wa weupe, rangi inayojificha mpaka itoke kwa baba na mama, apu imeandika "kinda 1 kati ya 4" na mtu anaelewa kwamba mayai manne lazima yatoe mweupe mmoja. Hapana. Pea hiyo, mayai manne, kuna karibu 32% ya kutompata hata mmoja, na hata mayai sita bado ni karibu 18%. Watu wanavunja pea nzuri kwa ajili hiyo, roho inaniuma.

Na hapohapo, makinda wanaoonekana wa kawaida kutoka pea hiyo, kila mmoja ana 67% ya kuwa spliti, siyo 50%, kwa sababu weupe umeshawatoa kwenye hesabu. Apu haina kisanduku cha "huenda anabeba", inakulazimisha useme ndiyo au hapana, ukiacha wazi inamhesabu hana kitu. Kwa ndege wa kununua bila kumbukumbu hilo ni pengo kubwa. Kwa sasa nafanya kwa karatasi: ndege ninayemshuku namweka na mwenzake aliye na rangi hiyo waziwazi, kinda mmoja tu wa rangi hiyo akitoka basi yule anabeba, imeisha. Wakitoka saba mfululizo wote wa kawaida, basi kama kweli alikuwa anabeba, uwezekano wa rangi kukataa tu kutokea mara zote saba ni chini ya 1%, hapo namwandika hana na pete yake naiingiza kwenye daftari.