Kozi ya bastola ya siku moja na makasha mawili ya kando ya kitanda: uzoefu wangu hapa Fort Worth

Nianze na alama kabisa, maana najua wengi wenu mnasoma mistari ya kwanza mnaondoka. Kozi ya bastola ya siku moja: nyota nne kati ya tano. Kasha la kwanza la kuhifadhia bastola, lile la alama ya kidole: nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu lilikuwa na rangi nzuri. Kasha la pili, la vitufe: nyota tano. Bastola yenyewe siipi alama. Ni Glock 19, zimejaa huku kama Corolla Dar, na sifa zake zimeshasemwa na wanaozijua kuliko mimi.

Mimi ni Mtanzania, nakaa Fort Worth, Texas, na watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Baba yao anaendesha lori la masafa. Akitoka ni wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mimi natunza wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya mchana. Nyumba mbili za mtaani kwetu zilivunjwa ndani ya mwezi mmoja, na mume wangu akaona asiniache hivihivi. Akanunua bastola, akaiweka kwenye kasha kando ya kitanda, akanionyesha kwa dakika kumi inavyojazwa, akaondoka zake kwenda Ohio. Sikuuliza mengi. Nimepita JKT bwana, nimelala na SMG kwenye matope. Kabastola kataniambia nini?

Kumbe JKT unafyatua afande akisema fyatua, upande aliokuonyesha afande. Nyumbani hakuna afande.

Kwanza kasha. Tulilinunua mtandaoni kwa dola 89. Kazini naosha mikono tangu asubuhi mpaka jioni, na kila mlangoni napaka dawa ya kuua vijidudu. Ncha za vidole vyangu zimepasuka kama ardhi ya Dodoma mwezi wa kumi. Naweka kidole, taa nyekundu. Napaka mafuta, nyekundu. Nafuta mafuta, nyekundu. Siku likiwa na roho nzuri linafunguka mara ya pili. Wauzaji wanasema sekunde moja. Labda kwa mtu wa ofisini.

Hilo la kuchelewa ningelivumilia. Siku moja nilikuwa nabadilisha betri, kasha tupu liko mezani, bastola nimeipandisha juu kabatini, haina risasi, imefungwa kebo. Mtoto wangu yule wa miaka 5 akaja akaweka kidole gumba chake kwa kucheza. Tii. Taa ya kijani, mfuniko ukaruka. Nilisimama na betri mkononi, sikuweza hata kumkemea. Baadaye nikasoma kwamba baadhi ya makasha haya yanatoka kiwandani yakifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, mpaka usajili cha kwako, na wapo wanaodhani wamesajili kumbe bado. Oktoba 2023 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa makasha kama 61,000 ya aina hiyo, baada ya mtoto wa miaka 12 kufa. Letu halikuwa kwenye tangazo hilo. Hata hivyo nimelitupa, na kabla ya kulitupa nililigonga kwa nyundo ili asije mtu akaliokota.

Na kwa mnaokaa Texas: sheria ya hapa inakubana mwenye bastola yenye risasi akiizembea mpaka mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Si lazima itokee ajali ndipo iwe kosa. Ajali ikiua au ikijeruhi vibaya, kosa linapanda daraja.

Sasa kilichonipeleka kozi. Hili sikumwambia mtu kwa miezi.

Usiku mmoja wa Februari, saa tisa kasoro robo, nikasikia mlango wa jikoni unatikiswa. Kidole kwenye kasha: nyekundu, nyekundu, nyekundu. Ya nne kijani. Nikaishika bastola, nikasimama kwenye korido gizani, nimeielekeza jikoni, kidole kimeshaingia kwenye triga. Sikuita. Sikupiga simu. Kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka, kivuli kikaingia na begi. Halafu kikakohoa.

Kikohozi hicho nakijua tangu Tanga. Mzigo wake ulikuwa umefutwa, akarudi siku mbili kabla, hakupiga simu ili asituamshe. Niliketi sakafuni hapohapo. Yeye alidhani nimezimia.

Kesho yake nikatafuta kozi. Dola 140, Jumamosi nzima, na shule yenyewe sitaitaja jina maana nina malalamiko nayo kidogo. Tulikuwa wanafunzi 14, wakufunzi wawili. Aliyenifundisha mimi ni mama wa makamo, polisi mstaafu, mkavu kama dagaa. Mpaka saa sita mchana hakuna aliyegusa risasi. Wanaume wawili walianza kuguna. Mimi kwangu hayo masaa manne ndiyo yaliyostahili hela yangu.

Alianza na kanuni nne ambazo kila mpiga shabaha huku anazijua kama kuhesabu: kila bastola ihesabu kuwa ina risasi, mdomo wake usiuelekeze kwa kitu ambacho huko tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga na umeshaamua, na ujue unachokilenga ni nini na nyuma yake kuna nini. Nikapiga hesabu kimoyomoyo ile Februari. Nilikuwa nimevunja tatu kwa mpigo, na ya nne nilikuwa sijaijua bado.

Akagawa karatasi, kila mtu achore nyumba yake. Nikachora: korido, jikoni, chumba changu. Akauliza, "Ukuta ule wa jikoni, upande wa pili kuna nini?" Chumba cha watoto. Nyumba za huku matofali ni ya nje tu jamani, kuta za ndani ni mbao na mabamba ya jasi. Risasi ya milimita 9 inapita ukuta kama huo, inapita na unaofuata. Nilikuwa nimemlenga mume wangu, na nyuma yake, kwa mstari ulionyooka, vitanda viwili.

Niliomba ruhusa nikaenda msalani.

Nilivyorudi walikuwa kwenye kuondoa risasi. Hapa sikiliza, maana ni kosa la wengi: magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini) inatoka kwanza, ndipo unavuta slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma). Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, unatoa risasi moja na kupakia nyingine, halafu unajiaminisha kuwa bastola ni tupu. Ukishavuta, ifunge slaidi nyuma, tazama kwa macho ndani ya chemba, pale inapokaa risasi ya kufyatuliwa, kisha ingiza kidole cha mwisho ukapapase. Kwa Glock ni muhimu zaidi, kwa kuwa ili uifungue kuisafisha lazima uvute triga kwanza. Pia haina kile kitufe cha usalama cha pembeni ambacho watu wanadhani kila bastola inacho.

Mchana tukaingia uwanjani. Risasi zangu zote zilikuwa zinaangukia chini kushoto. Mimi nikalaumu macho. Yule mama hakusema kitu; akachukua magazini yangu, akachanganya humo risasi bandia mbili tatu nisizojua zipo wapi. Nikafyatua: pa. Pa. Halafu tk, hakuna kitu, na mdomo wa bastola ukainama wenyewe kama kuku anayedonoa. Ni mimi niliyekuwa nauinamisha kwa kuogopa mshindo ambao haujaja. Akaniambia nirudie mpaka uache kudonoa. Ilichukua karibu saa nzima.

Mwisho tukafanya jaribio la leseni ya Texas: risasi 50, kwa yadi 3, 7 na 15, alama 250, kufaulu ni 175. Nilipata 219. Tangu Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 asiye na kikwazo cha kisheria anaweza kubeba bastola hapa bila leseni hiyo, kwa hiyo mume wangu aliniambia napoteza hela. Sikumjibu. (Na ndugu zangu wenye viza za masomo au za matembezi: msikurupuke. Sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza kumiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache. Wenye makaratasi ya ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa. Kudanganya kwenye fomu ya dukani ni kesi nzito.)

Malalamiko yangu: muda wa chakula uligeuzwa mnada wa mikoba ya bastola na mikanda, karibu dakika arobaini. Mkufunzi wa pili alikuwa anaongea kwa kasi ya dalali wa ng'ombe, kama Kiingereza chako ni cha kujifunza unaachwa. Pia hakuna aliyetukumbusha habari ya risasi kuwa na madini ya risasi, yaani unatoka na vumbi la sumu mikononi na kwenye nguo. Nawa kwa sabuni, badilisha nguo, ndipo ukumbatie watoto. Nyota moja nimeikata hapo.

Kasha jipya ni la dola 215, vitufe vitano vya mekanika, halina betri wala taa, limefungwa kwa boliti kwenye fremu ya kitanda. Nalifungua gizani kwa kupapasa, na vidole vyangu vilivyopasuka haviliudhi. Kasoro yake ni uzito, na sauti: linalia ka! kama kufuli la duka la Mpemba.

Vingine nilivyofanya baada ya kozi havikuhitaji bastola. Watoto wamehamia chumba kinachopakana na changu, kile cha karibu na jikoni kimekuwa stoo. Bamba la kitasa cha mlango wa jikoni lilikuwa na skrubu fupi za aibu. Nimeweka za inchi 3, dola sita. Tochi iko peke yake, si ya kufunga kwenye bastola, ili nisije nikamwelekezea mtu mdomo wa bastola eti namtambua. Nikisikia kitu, nawachukua watoto, tunajifungia chumbani kwangu, napiga 911, namba ya dharura ya huku, nataja anwani kabla ya jambo lolote, kisha naita kwa sauti. Kwenda kutafuta mwizi korido kwa korido, yule mama alisema, si kazi yangu. Na polisi wakifika, bastola isiwe mkononi.

Jioni watoto wakilala, nafanya mazoezi ya kuvuta triga bila kudonoa: natoa risasi zote napeleka chumba kingine, nakagua mara mbili, nalenga ukuta wa nje wa matofali, na juu ya slaidi, karibu na mdomo, naweka sarafu. Navuta triga. Sarafu ikianguka, naanza kuhesabu upya. Rekodi yangu ni 17.

Mume wangu kozi anaingia Machi. Kwa sasa akikaribia nyumbani anapiga simu toka kituo cha mafuta, na akifika mlangoni anakohoa kwanza.