Boti ya mpira au boti kubwa ya uokoaji, ipi inafaa?
Huu mjadala hauishi kwa wanaojitolea kuokoa watu baharini. Angalia RNLI, shirika la uokoaji baharini la Uingereza, imeanza 1824, inaishi kwa michango na inazo zote mbili. Atlantic 85 ya mpira inakimbia kama kilomita 65 kwa saa, inaingia hadi karibu na miamba, watu wanne wanatosha, kwa mwendo naipa ushindi kabisa, ila mnalowa chapachapa na bahari ikichafuka sana haifai. Shannon, ile kubwa, inaenda kama 46 tu lakini ina kabini, ikipinduka inajigeuza yenyewe, na inafika mbali. Shida hela, moja inazidi pauni milioni 2, bado mafundi. Mnaokoa zaidi waogeleaji? Chukueni mpira. Ni wavuvi wa mbali? Changisheni tu hiyo kubwa.