Injini ya Patrol kwenye Datsun 240Z: miezi tisa na fundi wa Kizota

Nianze na bili, maana kila anayelisikia gari hili likipita Area C hapa Dodoma huuliza hiyo kwanza. Ni shilingi milioni 14 na laki tatu, gari lenyewe halimo. Zaidi ya nusu ni spea za nje na ushuru wake. Fundi alichukua milioni mbili na nusu, na hapo sijutii hata senti. Iliyoniuma ni hela ya kuchonga silinda, kwa sababu niliilipa mara mbili.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972 ya marehemu baba mkwe. Alilinunua kwa ajili ya Safari Rally tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mzee akiisimulia sare ile ungedhani alikuwa kiti cha nyuma, na 240Z haina kiti cha nyuma.

Injini yake ya L24, silinda sita, cc 2,393, iliwahi kuendeshwa bila maji. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ilikuwa haifai tena. Wengi walinishauri niweke injini ya kisasa ya Toyota, yenye spea kila kona. Nilikataa kwa ubishi, lakini pia kwa hesabu: L28 ni injini ya Nissan, wenye jina la Datsun, na ni ndugu wa L24, inafunga kwenye mikono ileile ya kushikia injini na giaboksi ileile bila kukata chuma, na Nissan Patrol za mwanzoni mwa miaka ya themanini zenye injini ya petroli zilitumia hiyohiyo L28. Patrol mbovu zipo. Hii niliipata upande wa Manyoni, kuku wakilala ndani. Unapoichukua injini ya Patrol, usitupe sampu (bakuli la oili la chini) ya zamani: ya Patrol haikai vizuri kwenye Z, kwa hiyo sampu pamoja na bomba la kufyonzea oili vihamishwe kutoka L24.

Fundi nilielekezwa na dereva wa lori. Gereji yake iko Kizota, bati na mwarobaini, hakuna kibao. Nilipofika aliniitikia "Mbukwa!", salamu ya Kigogo, bila kuinua kichwa, mkono ukiwa ndani ya giaboksi ya Fuso. Nikamweleza ninachotaka: L28 ichongwe kutoka milimita 86 hadi 87, hedi (kichwa cha injini) ya L24 yenye valvu kubwa, kabureta tatu za Weber 40. Akafuta mikono polepole.

"Bosi, unataka mbio au unataka kelele?"

"Mbio, fundi."

"Basi kabureta tutanunua mwisho."

Hapo nikajua nimefika.

Kwa kiherehere changu nikaipeleka bloku kwa wachongaji wa mjini kabla pistoni hazijafika, eti niokoe muda. Fundi alinikataza. Duka sitalitaja. Wakachonga kwa kufuata namba ya kitabuni, 87, wakanirudishia inang'aa kama sufuria la harusi. Pistoni zilipokuja, fundi akaazima maikrometa na geji ya kupimia tundu, akapima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Vipimo sita kwa silinda, thelathini na sita kwa jumla, vyote ameviandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji. Pistoni zangu zinataka nafasi ya milimita 0.05. Silinda nne zilikuwa sawa. Ya tano ilikuwa na 0.13 chini, ya sita 0.11. Nafasi ya namna hiyo inafanya pistoni igonge kila asubuhi injini ikiwa ya baridi, na oili inapanda. Wachongaji wakaniambia "itajikaa yenyewe ikitembea." Injini haijikai, kaka. Nikapeleka kwingine, zikapigwa slivu (mikebe mipya ya ndani ya silinda) mbili na kuchongwa upya huku pistoni ziko mezani, kila moja na silinda yake kwa namba. Tofauti ya ubora kati ya maduka haya mawili haikuwa mashine, mashine zote ni kuukuu. La pili lilikuwa na mzee mwenye miwani aliyepima kabla ya kuwasha.

Tuligombana mimi na fundi mara moja tu, na ilikuwa juu ya hedi. Alitaka kuikwangua sana ili mgandamizo uongezeke. Tulipima chumba cha kuchomea kwa kipande cha kioo cha plastiki na bomba la sindano kutoka duka la dawa, tukadondosha mafuta hadi kijae. Hesabu ni ya shule ya msingi: silinda moja inameza cc 470, na juu ya pistoni zinabaki 55. Jumlisha, gawa kwa 55, unapata mgandamizo wa 9.5 kwa moja. Yeye alitaka zibaki 47 tufike 11. Kwa petroli ya kituoni na jua la Oktoba hapa kwetu, injini ingegonga hadi pistoni zitoboke. Kisha L28 kamshafti yake, mhimili unaofungua valvu, iko juu, kwenye nguzo zilizofungwa kwenye hedi: ukikwangua hedi, kamshafti inashuka, mnyororo unalegea na taimingi inachelewa, mpaka uweke vibati chini ya nguzo. Tukabaki 9.5. Viti vya valvu tulibadilisha vyote tukaweka vya chuma kigumu, maana hedi ile ni ya enzi za petroli yenye risasi, ambayo kusini mwa Sahara iliondolewa kufikia 2006. Valvu za kuingizia zikatoka milimita 42 zikawa 44.

Kuosha bloku kulichukua siku mbili: sabuni ya unga, maji ya moto, brashi za chupa za watoto kwenye kila njia ya oili. Majirani walidhani tunafua.

Kabureta zilifika na tarumbeta zake zinazong'aa, wazi kabisa kama kwenye picha. Mtu wa Dodoma anajua upepo wa Julai ukibeba vumbi jekundu. Nikaagiza chujio za sponji, sura ikapungua, ringi zikapona. Jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zilizokuja nazo zilimwaga petroli kupita kiasi, kwa sababu mji huu uko kama mita 1,100 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Tulipunguza jeti kuu kwa awamu mbili hadi plagi zikatoka rangi ya kahawia. Na hiyo hewa nyepesi inakula karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu, hata ufanye nini. Nikishuka Morogoro gari linaamka, nikipanda kurudi linasinzia.

Siku ya kuwasha, kijana wa gereji alitaka tuliache likiunguruma taratibu kwenye sailensa tusikilize mlio. Fundi akamfukuza. Kamshafti mpya inahitaji mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika ishirini za mwanzo, na oili yenye zinki, la sivyo inajila. Tulikaa dakika ishirini tumeziba masikio. Kisha tukazima, tukarekebisha nafasi za valvu injini ikiwa moto: milimita 0.25 za kuingizia, 0.30 za kutolea.

Sasa lina kilomita 3,000. Barabara ya Iringa, ukishawaacha mbuzi na kabla ya bwawa la Mtera, gia ya tatu inavuta bila kukohoa hadi mizunguko 6,300 kwa dakika. Hasara zake ni hizi: mafuta linakunywa kama ng'ombe wa Bahi mwezi wa Novemba, na ukiliegesha juani saa saba mchana petroli inachemka kwenye kabureta, unasubiri robo saa ndipo liwake.

Fundi nampa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu alisema miezi mitatu ikawa tisa, na kwa sababu sili ya nyuma ya krenki inadondosha oili, tone moja kwa usiku. Ameniambia nilete Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.